Finjani Iliyobeba Ndoa Mbili

Je, nilichokisikia asubuhi ile mgongoni mwa Bwana Athmani kilikuwa moyo wake, au kilikuwa nyundo yake? Swali hili ninalo tangu miaka ya hamsini, nilipokuwa msaidizi wa daktari kisiwani Lamu. Nimekwenda nalo chuo kikuu, nikarudi nalo pamoja na shahada, na sasa nimeiaga kazi kabla mvi hazijamaliza shughuli yao kichwani mwangu, bado sijalipatia jibu. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kuwatibu watu wa visiwani, si kwa kuwa nina jibu la kuwapa, bali kwa kuwa siku moja swali la namna hii mtaulizwa na mtu aliyeshika birika la kahawa, na hamtapata nafasi ya kwenda kufungua kitabu.

Tuanze na kifaa. Nyinyi mna mashine zinazochora mapigo ya moyo juu ya karatasi kama mtoto anavyochora milima. Mimi nilikuwa na mpira wa kusikilizia tu, na watu wa Lamu waliuamini mpira ule kuliko dawa yoyote iliyokuwa kabatini. Mtu alikuja na jipu la kisigino, akakubali lipasuliwe, lakini haondoki mpaka mpira umepita kifuani. Bibi mmoja wa Wiyoni aliniletea kuku aliyeacha kutaga, akataka naye asikilizwe. Nilimsikiliza. Kuku yule hakuwa na ugonjwa ninaoujua. Alikuwa na hofu, na moyo wake ulikwenda mbio kupita kiasi cha kuhesabika. Sikujua kwamba nilikuwa nikifundishwa.

Mkubwa wangu wa kazi, Daktari Salimu, mzee wa Mombasa aliyekuwa na masharubu mazito na maneno mepesi, alikuwa na mafunzo mawili juu ya mpira. La kwanza: "Upashe joto kiganjani kabla hujamgusa mtu. Chuma baridi kikikutana na kifua, moyo huruka, nawe utatibu ugonjwa uliouleta mwenyewe." La pili: "Moyo ni mgeni mwenye haya. Ukimkodolea macho, hali chakula. Mpe shughuli, kisha utazame pembeni." Fundisho la kwanza nililishika siku ileile. La pili nililiona ni mapambo ya mazungumzo.

Sasa kahawa. Mnajua kwamba kahawa huuamsha moyo; kwa watu wengi ni amsho tu, na kwa wachache ni purukushani: moyo hukimbia, hujikwaa, huruka pigo moja na kulirudia kwa kishindo, na mwenyewe hudhani ameitwa na Mola wake. Dawa ni kupunguza, na kupunguza polepole, maana anayeiacha ghafla hulipwa kwa maumivu ya kichwa. Haya yamo vitabuni. Lisilokuwamo ni namna ya kuuliza. Usimwulize mtu wa Lamu anakunywa finjani ngapi kwa siku. Atakujibu, "Moja," naye hasemi uongo. Ni moja kwenye baraza ya msikiti baada ya alfajiri. Ni moja dukani, kwa kuwa mwenye duka ameitia na itapoa. Ni moja kwa jirani aliyerudi safari, moja kwa jirani anayesafiri, na ile ya matangani haihesabiwi, kwa sababu ni ya maiti. Wewe uliza hivi: "Tangu asubuhi umepita wapi?" Kisha hesabu mabaraza.

Ndivyo nilivyomwuliza Bwana Athmani siku alipokuja. Alikuwa fundi wa kuchora milango, mtu mnene, mpole, mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Alikaa akaweka mkono kifuani.

"Daktari," akasema, na mimi sikuwa daktari, ila huko kila mwenye mpira ni daktari, "moyo wangu unachora mlango, na siyui ni wa nani. Wagonga, wasita, wagonga mara mbili. Jana patasi imeniponyoka, nimelikata ua la mlango wa watu."

Nikamwuliza amepita wapi tangu asubuhi. Alipofika baraza ya sita nilimwomba apumzike. Nikaupasha mpira joto, nikamsikiliza, na kweli, moyo ulikuwa ukienda kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nikamweleza kwa maneno ya kawaida: moyo si mbovu, umelewa. Punguza. Kunywa asubuhi moja, alasiri moja, na usinywe tumbo likiwa tupu.

Neno nililolisema ni punguza, nanyi nawaomba mlikumbuke, kwa maana katika mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyelisikia.

Bwana Athmani alitoka kwangu akaenda moja kwa moja barazani kuwahadithia wenzake kwamba ameambiwa aache kahawa, na huko alikuwako Bwana Omari, mshona makanzu, rafiki yake wa utotoni na adui yake wa kila siku. Niliyasimuliwa na watu wengi, na wote walikubaliana kwa kila neno, jambo ambalo Lamu halitokei mara mbili.

"Weye uiwate kahawa?" Omari akacheka. "Athmani! Mamako alikuwatisha ziwa kwa shubiri na hukuwata. Kahawa hutaiwata mpaka uwe kaburini, na hapo utamwuliza malaika Munkari kama ana tangawizi."

"Nitaiwata yeo."

"Kwa maneno."

"Kwa kiapo! Wallahi, nikitia kahawa kanwani kabla daktari hajausikiza moyo wangu akasema umetulia, basi mke wangu hana ndoa nami!"

Kiapo cha talaka si mchezo. Lakini Omari alikuwa mtu wa kutafuta shimo katika kila nguo, hata aliyoishona mwenyewe. "Talaka moja hurejewa," akasema. "Utakunywa, utamrejea, utakunywa tena."

"Tatu, basi! Talaka tatu!"

Mnaona namna ndoa ya miaka mingi inavyoweza kutiwa katika kikombe kisichojaza hata kiganja cha mtoto, na mtu mwenye akili zake, kwa sababu tu rafiki yake ametabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Bi Rukia, mkewe, alinijia kabla sijafungua dirisha la dawa. Alikuwa mwanamke mfupi, na buibui lake lilikuwa likivuma hali ya kuwa hapakuwa na upepo.

"Daktari! Ni weye uliyenitia mimi ndani ya finjani?"

"Bi Rukia, mimi nilisema apunguze."

"Apunguze kahawa, hukusema apunguze wake. Haya, chukua mpira wako, umsikize, useme ametulia, nirudi nyumbani mwangu nikiwa mke, si mpangaji."

Nilimsikiliza mumewe siku ileile. Moyo ulikwenda mbio. Nikamsikiliza kesho yake; mbio. Zamani ulikimbia kwa kahawa. Sasa ulikimbia kwa kukosa kahawa, na kichwa kilimwuma hata akajifunga kitambaa kama mwanamke aliyejifungua. Na juu ya hayo, kila nilipouweka mpira kifuani alikumbuka ni kitu gani kinachosikilizwa, na moyo ukaondoka kama yule kuku wa Wiyoni. Nilimwambia tusubiri. Kahawa ikishatoka mwilini na kiwewe kikapungua, utatulia wenyewe. Ushauri ulikuwa mzuri, na ungefaa sana kama si watu wa Kipungani.

Bwana Athmani alikuwa na binti mmoja, Maimuna, na Maimuna alikuwa na mchumba aliyempenda, kijana wa Kipungani, kwa wasuka mikeka. Posa ilikuwa imekwisha kuzungumzwa pembeni. Lililobaki lilikuwa wazee wa kijana kuja rasmi, kusema neno lao, na kujibiwa. Katika koo zile mbili jibu halikuwa la mdomo peke yake. Wageni hawagusi kahawa mpaka baba wa binti atamke kwamba amekubali. Kisha baba hunywa wa kwanza, nao humfuata. Finjani yake ndiyo sahihi yake. Wakaja wiki ileile, baada ya alasiri, wakiongozwa na ami wa kijana, Bwana Kassimu, mzee mrefu aliyeongea kidogo na kusikia kingi.

Mimi sikuwamo chumbani. Niliyasikia kwa Bi Rukia, aliyekuwa nyuma ya pazia pamoja na Maimuna.

Bwana Kassimu alisema neno lake. Bwana Athmani akajibu kwa furaha ya kweli kwamba amekubali, kijana ni mwanawe. Mdila, birika la shaba la kahawa, ukapita, finjani zikajaa, harufu ya iliki ikatanda. Wazee wakamtazama. Bwana Athmani akaitazama finjani. Akaiinua. Nyuma ya pazia mtu akakohoa kikohozi cha talaka tatu. Akaiteremsha.

"Bwana Athmani," akasema Bwana Kassimu, "kahawa yapoa."

"Naipoe kidogo."

Wakangoja. Ikapoa. Ikapoa mpaka ikawa haina la kufanya tena.

"Ulimi wako umekubali," akasema Bwana Kassimu polepole, "mkono wako umekataa. Tushike lipi?"

Mtaniuliza kwa nini hakusema ukweli. Angesema upi? Kwamba ameicheza ndoa ya mama wa binti kwa ubishi wa barazani? Nani angechukua mke kwa mkwe wa namna hiyo? Alijaribu nusu ya ukweli, na nusu ile ikawa mbaya zaidi. "Daktari amenikataza. Moyo wangu una mambo." Wazee wa Kipungani wakatazamana, na mmoja akauliza kwa upole wa kutisha kama mambo hayo ni ya ukoo, na kama binti naye huyapata.

Bwana Kassimu akanyanyuka. Walikuwa wakilala Wiyoni kwa jamaa zao, akasema. Asubuhi maji yakijaa watarudi kwao kwa mashua. "Tutapita hapa kabla ya kushuka pwani. Tukikuta finjani imenywewa, tutakunywa. Tukikuta imejaa, tumesikia."

Akinywa, mke amekwenda; asiponywa, mkwe amekwenda. Niliitwa baada ya magharibi.

Nilipoingia nilimkuta Bwana Athmani amelazwa chali juu ya kitanda cha kamba kama anayesubiri kuoshwa. Kando yake alikuwa Mwalimu Abudi, aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa, na mlangoni alisimama Bwana Omari, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa na haya. Nilimwuliza Mwalimu kama hakuna njia nyingine.

"Kiapo kimefungwa kwa sharti," akasema, "na sharti ni masikio yako. Usikilize, useme. Lakini daktari, ukisema umetulia nawe umesikia haukutulia, hawa wawili watakaa pamoja kwa haramu, na haramu hiyo utakuja ulizwa weye. Mimi sitakuwapo kukutetea. Nitakuwa na yangu."

Nikaupasha mpira joto. Nikasikiliza. Ngazi, giza, mtu anateremka.

"Vuta pumzi polepole," nikasema.

"Tulia!" akasema Bi Rukia.

"Nimetulia!" akapiga kelele Bwana Athmani, na moyo ukaruka ngazi tatu kwa pamoja.

Tulijaribu yote. Alisoma nyiradi, kila alipofika mwisho alinitazama usoni, tukarudi tulikotoka. Omari alimtia maji baridi miguuni, akastuka. Omari akapendekeza amsimulie hadithi ya kuchekesha, na Bi Rukia akamwambia kwamba hadithi yake ya mwisho imetosha kuvunja nyumba. Ndipo Maimuna akaniita kwa sauti ndogo kutoka nyuma ya pazia.

"Daktari, mwambie baba silii. Akidhani nalia ndipo moyo wake waenda mbio. Ni mafua tu."

Ilikuwa miezi ya joto, na Lamu nzima haikuwa na mafua. Bwana Athmani alisikia, akafumba macho, na mpira masikioni mwangu ukawa ngoma.

Nikauvua. Daktari Salimu alikuwa Faza akiwatembelea wagonjwa, na laiti angekuwapo ningemtupia yeye dhamana hii bila aibu. Badala yake lilinijia lile neno lake nililoliona pambo: mpe shughuli, kisha utazame pembeni. Nikamwuliza Bwana Athmani ni wakati gani katika siku huwa hakumbuki kuwa ana moyo.

Akafikiri. "Ninapochora," akasema. "Nikianza ua, siyui hata kama nina miguu."

Basi nikaamua, nikawatangazia wote ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Asubuhi, akiwa kazini mwake, nitamsikiliza mgongoni mara moja tu, si mara mbili, na nitakachokisikia ndicho nitakachokisema.

"Na ukisikia haukutulia?" akauliza Bi Rukia.

"Nitasema haukutulia."

Akajitanda buibui lake. "Haya. Nami nitaketi papo hapo, niyue kama ni mke wa mtu au ni mpita ndia."

Vijana, nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote. Daktari hudhani anausikiliza moyo wa mgonjwa akiwa nje yake, kama mtu aliyesimama dirishani. Usiku ule nilielewa kwamba hakuna dirisha. Nikishika mpira, mimi ni sehemu ya kinachoufanya moyo ukimbie: uso wangu, ukimya wangu, neno nitakalolisema. Bwana Athmani hakuwa na mgeni mwenye haya kifuani peke yake. Alikuwa na mgeni mwenye haya na mimi nimemkalia mbele na sahani.

Asubuhi nilikwenda. Karakana yake ilikuwa ukumbi wazi wa nyumba, na katikati ulilazwa ubao wa juu ya mlango, maua yake nusu yamefunguka. Bi Rukia alikuwa ameketi juu ya kigoda, mdila miguuni pake juu ya makaa, na finjani moja imejaa imewekwa juu ya ubao wenyewe. Mwalimu Abudi alikuwapo. Omari alikuwapo, ameamriwa asifungue mdomo. Maimuna alikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Na nje, wamesimama jua likiwapiga migongoni, Bwana Kassimu na wazee wawili, viatu mkononi, tayari kwa mashua.

Hakuna aliyesalimu kwa sauti. Bwana Athmani akashika patasi na nyundo ya mti. Ko. Akapuliza vumbi. Ko. Nikapiga magoti nyuma yake, chuma cha mpira nimekishika kiganjani mpaka kikawa na joto kunizidi mimi. Ko. Nikangoja. Mabega yake yakaanza kushuka, shingo ikalegea, na nikaona kwa macho yangu amekwishasahau kwamba kuna watu. Nikauweka.

Ko. Ko. Ko.

Yalikuwa mapigo mazuri, yenye nafasi kati yake, kama hatua za mtu anayetoka msikitini bila haraka. Lakini yalikuwa yakipita mwilini mwake kutoka mkononi, au yakitoka kifuani kwenda mkononi? Nyundo na moyo vilikuwa vimeshikana kama ndugu wawili wanaozungumza kwa zamu. Nilitaka kumwambia asimamishe nyundo nipate hakika, na nilijua vilevile kwamba nyundo ikisimama atakumbuka, na akikumbuka moyo utaondoka, na nitakachokisikia hapo kitakuwa hofu yangu niliyomwambukiza. Nami niliahidi mara moja.

Nikauvua mpira.

"Kimetulia," nikasema.

"Kitu gani?" akauliza Mwalimu Abudi. "Taja."

Nikawatazama wote: Bi Rukia aliyeacha kupepea makaa, ufa wa mlango uliokuwa na jicho, Bwana Kassimu aliyekuwa hajaelewa hata chembe, ila ameelewa kwamba si jambo la finjani. Nikamtazama mwisho Bwana Athmani, aliyekuwa bado anachora.

"Moyo," nikasema. "Umetulia."

Bi Rukia alimgusa begani. Aligeuka kama aliyeamshwa, akaiona finjani, akaishika kwa vidole vilivyojaa vumbi la mbao, akanywa yote kwa mkupuo mmoja, kisha akafumba macho kwa muda ambao mtu hapaswi kufumba mbele ya mkewe kwa ajili ya kitu kingine.

Bwana Kassimu aliweka viatu chini, akaketi, akanyoosha mkono. Wenzake wakanyoosha. Ndani, mafua ya Maimuna yakazidi. Bwana Athmani naye akaisogeza finjani yake kwenye mdila mara ya pili, na Bi Rukia akaifunika kwa kiganja.

"Daktari amesema umetulia," akamwambia. "Hakusema umeoa tena. Moya asubuhi, moya alasiri!"

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Pasipo kufikiri niliurudisha mpira masikioni, nikauweka kifuani pangu, nikasikiliza. Ulikuwa ukikimbia, ukijikwaa, ukiruka ngazi, nami tangu alfajiri sikuwa nimeonja hata tone.

"Na wako je?" akauliza Omari, aliyeshindwa kuvumilia.

Nikanyoosha mkono, na Bi Rukia akanijazia finjani.